Kidole Kimoja Juu ya Usukani

Mzee wa kwanza alitutokea kilomita chache baada ya kuiacha barabara kuu pale Athlone, Ireland, tukielekea Clonmacnoise. Alikuwa na pikapu iliyochoka, kofia ya kitambaa kichwani, na mbwa kakaa kiti cha abiria kama mwenye gari. Tulipokaribia kupishana akainua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani, hicho kimoja tu, mkono wenyewe haukubanduka. Hakutabasamu. Hakugeuza shingo. Akapita.

Baraka akatoa mguu kwenye mafuta.

"Trafiki," akasema.

"Wapi?"

"Mbele. Mzee katushtua. Kidole kimoja, askari mmoja."

Lazima niwaeleze Baraka ni nani. Ni mtu wa Nzega, na kabla ya kuja Ireland aliendesha lori miaka tisa, Dar mpaka Kigali kupitia Rusumo. Lugha ya barabarani ameisoma kuliko vitabu. Taa zikimulikwa mara mbili mchana kweupe, punguza, wenyewe wapo. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia, usithubutu kuovateki. Likiwasha ya kushoto, pita haraka ushukuru kwa honi. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha kidole, hawezi kukiacha kipite bila tafsiri.

Basi tukaenda mwendo wa 30. Likaja gari la posta, la kijani, ndani yake mama mwenye miwani; kidole. "Wa pili," Baraka akasema. Akaja kijana juu ya trekta, hata ndevu hazijamtoka vizuri, kidole. "Watatu. Kuna msako." Nyuma yetu foleni ilishaanza kujipanga. Wambui, aliyekuwa kiti cha mbele na ramani ya simu mkononi, akasema, "Aki Baraka, hata yule ng'ombe ametupita."

Salim alikuwa nyuma na mimi, kimya muda wote, anakula korosho zangu. Ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na ana tabia ya kusema jambo pale tu kila mtu ameshachoka.

"Jamani, mbona mwafikiri ni polisi? Huyo si atoa salamu?"

Gari likanyamaza. Baraka akaangalia kwenye kioo. "Salamu? Ananijua wapi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Namba za magari ya Ireland zinataja mwaka na kaunti, na yetu ina D ya Dublin. Kila aliyetuona alijua sisi ni watu wa mjini. Na Dublin ninakaa mwaka wa nne sasa. Kwenye basi la asubuhi tunabanana bega kwa bega watu walewale, kila mmoja na simu yake, na hakuna anayeuliza mwenzake kaamkaje. (Niwape haki yao kwa jambo moja: wakishuka humshukuru dereva, hata mlevi wa usiku wa manane humshukuru dereva.) Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ukimpita mtu bila kumsalimu, salamu zako zitafika nyumbani kabla yako, kwa mama yako, na si kwa heri. Nilishazoea kuishi bila hilo. Halafu ghafla, katikati ya Ireland, watu wananiamkia kwa kidole.

Aliyefuata alikuwa na lori la maziwa. Baraka aliinua kidole kwanza. Dereva wa maziwa akajibu. Ninyi hamjui furaha aliyopata huyu kaka yetu.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu, Jumamosi mpaka Jumatatu, ile wikiendi ndefu ya Juni ambapo Jumatatu ya kwanza ya mwezi ni sikukuu. Gari ni Yaris ya Baraka, ndogo, ya gia, yenye herufi N kubwa nyekundu mbele na nyuma. N hiyo ina historia ya machungu. Leseni ya Tanzania, kama ya Kenya, huku haibadilishwi. Ukishakuwa mkazi unaanza moja. Kwa hiyo mtu aliyeshusha lori la tani thelathini mlima Sekenke usiku wa mvua alikaa kwenye masomo kumi na mawili ya lazima, akafundishwa jinsi ya kuangalia kioo, akafanya mtihani, akafaulu, na sheria ikambandika N ya mwanagenzi kwa miaka miwili. Akiulizwa N ni nini, husema ni Nzega.

Clonmacnoise ni magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa na mtakatifu Ciarán katikati ya karne ya sita, kwenye ukingo wa mto Shannon. Kuna misalaba mirefu ya mawe iliyochongwa hadithi nzima ya Biblia, na mnara wa duara. Mimi nilitaka kujua kwa nini mtu ajenge chuo na makanisa penye matope kiasi kile. Jibu lipo kwenye ramani ya ukutani: Shannon inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, na barabara ya kale ya kukatisha kisiwa kutoka mashariki hadi magharibi ilipita juu ya tuta la changarawe lililoachwa na barafu, na viwili hivi vilikutana hapo hapo. Baraka alisoma, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe ni Manyoni," akasema. "Njia panda. Watawa walijua biashara." Njia panda hiyo ndiyo iliyowaleta Waviking, tena na tena, na mwaka 1552 wanajeshi wa Kiingereza kutoka Athlone wakamaliza kilichobaki.

Kutoka hapo tulirudi barabara kuu, tukateremka M18 kuelekea kaunti ya Clare, na nikaomba tupite Latoon kwa sababu yangu binafsi. Nilikuwa nimesikia habari za mti.

Ni mti mdogo, wa miiba, mnaweza kuupita bila kuuona. Mwaka 1999 barabara ilikuwa inajengwa na mti ulikuwa kwenye njia. Mtambaji hadithi mmoja maarufu wa Clare, Eddie Lenihan, akaandika kwenye magazeti kwamba pale ndipo majini wa jimbo la Munster wanapokutana wakienda kupigana na wa jimbo la Connacht, na kwamba ukikatwa, watakaoumia ni madereva. Nasema majini kwa kukosa neno bora. Hawa wa Ireland ni watu kama sisi, wana falme, wana vita, wanacheza ngoma, ila hawapendi kuguswa. Wahandisi walikaa wakafikiri. Nchi ni ya Umoja wa Ulaya, fedha zinahesabiwa mpaka senti. Mti ukaachwa, ukazungushiwa uzio, barabara ikapita pembeni. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana akaja na msumeno akaukata matawi yote. Ukachipua tena.

Tuliupita taratibu. Ulikuwa umechanua maua meupe, kama umevaa kanzu. Nilitegemea Wambui atacheka, maana ni mtu wa kompyuta na kanisa la kisasa, lakini alizima muziki mpaka tulipopita. Salim akasema kwao kuna mbuyu ambao hata kampuni ya umeme ilipindisha waya. Mimi sikusema kitu. Mtu aliyekulia Tanga hana cha kuongeza kwenye mazungumzo ya miti.

Kuhusu majabali ya Moher nitasema kidogo, kwa kuwa hatukuyaona. Yanafika urefu wa mita 214 kutoka baharini, watu huja kutoka dunia nzima kuyatazama, na siku yetu kulikuwa na ukungu mzito kama uji wa ulezi. Tulisikia bahari. Tulisikia ndege, maelfu, wakigombana huko chini. Salim ndiye aliyelipa maegesho, kwa hiyo alikataa kuondoka. Alisimama saa nzima akiutazama ukungu kama anayemdai. Picha zetu zote za Moher zina mandhari meupe safi, mnaweza kuzipeleka uhamiaji. Mvua ilikuwa ile nyepesi isiyoanguka wala kukatika, ambayo wenyeji huiita "siku laini" na kumshukuru Mungu juu yake. Tulipofika Doolin, kilomita chache tu mbele, jua likatoka.

Gesti yetu ilikuwa ya mama mmoja wa umri wa bibi yangu, na alipofungua mlango mdomo wangu ukaniponyoka nikamwambia "shikamoo". Akasema, "Jambo!" Tukabaki tumesimama. Ikawa shangazi yake alikuwa sista Turkana miaka ya sabini, na kila alipokuja likizo aliwafundisha watoto maneno. Mama yule amebaki nayo matatu: jambo, asante, na polepole. Hilo la tatu alilisema kwa fahari kubwa, kila alipoweka sahani mezani. Ukizunguka vijijini Ireland utakutana na hili mara nyingi: kila familia ina padri au sista wake aliyetumwa Afrika, na Wambui akiwa na wenyeji wa huku hupenda kuwakumbusha kwamba David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800 aliyoiweka Olimpiki ya London, kocha wake alikuwa bruda wa Cork, Colm O'Connell, aliyekwenda Iten mwaka 1976 kufundisha shule, akabaki.

Asubuhi ilikuwa chai ya Barry's, chai ya Cork, ambayo watu wa huku huitetea kama timu ya mpira. Majani yake hutoka Kenya, Rwanda na Assam ya India. Wambui kwao ni Limuru, mama yake ana robo eka ya chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanusa. "Nimesafiri kilomita zaidi ya elfu saba," akasema, "kuuziwa chai ya mama." Halafu akaomba kikombe cha pili.

Sahani ya Salim ilikuja na kipande cheusi cha mviringo. Akauliza ni nini. Mama akamwambia kwa ukweli: damu ya nguruwe, shayiri na viungo. Salim hakusema neno. Alirudisha kiti nyuma kidogo, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kuonyesha. Mama akaichukua sahani, akaingia jikoni, tukasikia sufuria nyingine ikitolewa kabatini na kuoshwa, akarudi na mayai, uyoga, nyanya na mkate wa magadi. "Polepole," akamwambia.

Jumapili tulipita Burren. Fikiria mtu amemwaga sakafu ya mawe ya kijivu juu ya vilima, mpaka upeo wa macho, kisha akaipasua nyufa. Mwaka 1651 Ludlow, jemadari wa jeshi la Kiingereza la Cromwell, alilalamika kwamba hapa hakuna maji ya kumzamisha mtu, wala mti wa kumnyongea, wala udongo wa kumzikia. Unaona kazi aliyokuja kuifanya. Lakini ndani ya nyufa kuna maua, mengine ya baridi kali ya milimani, mengine ya nchi za joto, yamekaa pamoja bila kuulizana kabila. Kilichomshika Baraka, mtoto wa wafugaji, si maua. Ni habari ya ng'ombe. Kwingine Ulaya ng'ombe hupandishwa milimani wakati wa kiangazi na kuteremshwa baridi ikija. Burren hufanya kinyume: ng'ombe hupanda majira ya baridi, kwa sababu mawe ya chokaa hutunza joto na maji hayatuami, kwa hiyo juu ni kukavu kuliko bondeni. Wakishakula majani makavu ya mwaka, maua hupata nafasi ya kuchomoza masika. Baraka alipiga simu Nzega palepale kumweleza baba yake. Mzee akamjibu kwamba watu hao wana akili, na kwamba arudi nyumbani aoe.

Baada ya mji wa Galway njia ya pwani inaingia eneo la Gaeltacht, ambako Kiireland ndiyo lugha ya nyumbani na vibao vya barabarani havina Kiingereza. Sauti ya ramani kwenye simu ya Wambui ilijikaza kutamka majina, ikashindwa, ikabaki inasema "geuka kushoto" kwa unyonge. Hapo ndipo tulipoona maneno makubwa meupe kwenye lami: GO MALL.

"Kuna mall!" Wambui akasema. Alihitaji soksi, zake zilikuwa bado na maji ya Moher. Tukatazama kushoto: mawe, punda mmoja. Kulia: bahari. Mbele tena: GO MALL. Tukaitafuta mall hiyo kama kilomita nane.

Kwenye duka dogo la Spiddal, muuza duka alicheka mpaka akaegemea kaunta. *Mall* ni "-a polepole," akatueleza, na *go* huigeuza iwe jinsi ya kutenda. Yaani lami ilikuwa inatuambia neno lilelile la mama wa Doolin. Salim, ambaye lugha ndiyo ugonjwa wake, akamshika hapo hapo amfundishe salamu. Unasema *Dia dhuit*, Mungu awe nawe. Mwenzako hajibu hivyo hivyo. Anaongeza: *Dia is Muire dhuit*, Mungu na Maria wawe nawe. Na akija wa tatu, anaweza kuongeza Patrick.

Salim akapiga kofi kaunta. "Wallahi hawa ni watu wa pwani!" Akamweleza muuza duka kwamba na sisi mtu akikwambia *assalaam alaykum*, adabu ni kurudisha kubwa kuliko uliyopewa: na amani, na rehema, na baraka. Wakasimama pale wanapandishiana, huyu anaongeza mtakatifu, huyu anaongeza baraka, na foleni ya wateja watatu inangoja bila kukasirika. Soksi tulipata.

Kupita Maam Cross ndipo tulipokutana na trekta. Barabara nyembamba, ukuta wa mawe huku na huku, majani yameota katikati ya lami kama mgongo wa nguruwe. Nyuma ya trekta kuna kondoo kama sitini, migongo yao ina alama za rangi, wengine buluu, wengine nyekundu, ndivyo wenyewe wanavyowatambua. Hakuna pa kupishana. Mkulima akazima injini, akakunja mikono. Alikuwa ameshaona ile N, akajua leo kuna kazi.

Baraka akaweka mkono nyuma ya kiti cha Wambui, akageuza shingo, akapiga rivasi. Mita mia tatu, kona mbili, ukuta umebakisha upana wa kiganja kila upande, bila kusimama, bila kusahihisha. Akaliingiza gari kwenye uwazi wa geti la shamba kama unavyorudisha kisu kwenye ala. Kondoo wakapita, mmoja akajikuna kwenye kioo cha pembeni. Trekta likafika usawa wetu, likasimama. Mkulima akaitazama N. Akamtazama Baraka.

"Hiyo N ni ya nini?"

"Nairobi," Wambui akawahi.

"NZEGA!" Baraka akafoka.

Mkulima akafikiri kidogo, akasema neno lao la kila kitu, "grand", ambalo lina kazi yote ya "poa" yetu, akainua kidole, akaondoka. Vidole viwili, nadhani. Baraka anaapa vilikuwa viwili.

Tulilala Leenane, ambako saa nne kasoro usiku bado kulikuwa na mwanga na Salim alikuwa dirishani akingoja magharibi iingie, ameshika simu, anaongea na jua kwa sauti ya chini.

Jumatatu asubuhi tulipita bonde la Doolough. Hapo hatukuzungumza sana. Machi 1849, katikati ya njaa kuu iliyoua watu wapatao milioni moja, mamia ya watu wenye njaa waliokuwa Louisburgh waliambiwa waende kwa miguu mpaka nyumba ya Delphi ili wakaguliwe kama wanastahili msaada. Walitembea kwenye bonde hili, kwenye baridi na upepo, wakafika, wakanyimwa, wakarudi kwa njia ileile, na baadhi yao wakafia njiani. Kuna msalaba wa jiwe kando ya barabara, na juu yake jina la Askofu Mkuu Desmond Tutu, aliyetembea njia hii mwaka 1991. Tulishuka. Upepo ulikuwa mkali na ziwa lilikuwa jeusi. Pikapu moja ikapita, dereva akainua kidole, na sote wanne, tumesimama pale ukingoni, tukainua vyetu.

Kaunti ya Mayo ilikuwa imepambwa bendera za kijani na nyekundu, kila nguzo, kila ng'ombe angevishwa kama angekubali. Msimu wa mpira wa Kigaeli, mpira wa jadi wa Ireland. Kijana wa sheli karibu na Castlebar alitueleza msiba wao: hawajachukua kombe la Ireland tangu 1951. Inasemekana mabingwa wa mwaka huo walipita Foxford wakishangilia, wakaupita msiba bila kusimama kutoa heshima, na wakalaaniwa kwamba kombe halitarudi maadamu mchezaji mmoja wa timu ile yu hai. Tangu 1989 wamefika fainali na kushindwa mara kumi na moja. Mchezaji wa mwisho kati ya waliocheza fainali ile alifariki mwaka 2021. Mwaka uliofuata kombe likaenda kaunti ya Kerry.

"Sasa si muite wazee mfanye tambiko?" Wambui akauliza, na hakuwa anatania. Kijana akasema wengine walishajaribu padri.

Nimeipenda laana hiyo kwa sababu moja: kosa lenyewe. Hawakuiba, hawakuua. Walipita bila kusalimia wafiwa. Mama yangu angeielewa bila kutafsiriwa.

Longford, Mullingar, Kinnegad. Barabara ikapanuka, njia mbili, tatu, ukuta wa mawe ukawa uzio wa chuma. Kwenye kibanda cha tozo Baraka alimwinulia kidole mkusanyaji. Yule akamhesabia chenji. Foleni ya kurudi mjini ilitukamata Lucan, magari ya wikiendi nzima yamekaa bampa kwa bampa, na Baraka hakukata tamaa. Alimwinulia kidole wa njia ya kushoto. Akamwinulia wa kulia. Teksi. Basi. Mwendesha baiskeli mwenye hasira.

Mmoja alijibu, karibu na Chapelizod, ila kwa kidole kingine.